Mwaka Niliokuwa Marehemu

Mhudumu wa mapokezi aliangalia kompyuta yake, akaniangalia mimi, kisha akarudi kuangalia kompyuta.

"Mwenye bima ni nani?" aliuliza.

"Ni mimi. Huyu hapa ni mke wangu. Amekuja kusafishwa damu kama kawaida."

"Wewe ni nani yake mwenye bima?"

"Ndiye mimi mwenyewe."

Alishusha sauti, kama mtu anayeogopa kumwaibisha mgeni. "Mzee, hapa inaonyesha mwenye bima alifariki. Bima imefungwa."

Mke wangu alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma yangu, leso imefunika miguu yake iliyovimba. Alisikia kila neno. "Mwambie huyo marehemu ndiye aliyenipikia uji asubuhi," akasema, na watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mimi pia nilicheka. Tulidhani ni makosa ya kompyuta tu, kwamba mtu fulani angebonyeza mahali fulani na kabla ya mchana nitakuwa hai tena.

Haikuwa hivyo. Jioni ile tulirudi Kwa Vonza bila yeye kuguswa na mashine.

Pale Kwa Vonza nina kibanda cha kuchomelea vyuma kando ya soko. Natengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma vya wanafunzi. Mke wangu alikuwa akifundisha watoto wa chekechea katika shule ya kanisa letu mpaka figo zilipomlaza. Hatukujaliwa watoto wetu wenyewe. Wale wadogo wa chekechea walimwita Mwalimu, soko zima likamwita Mwalimu, na mwishowe hata mimi nikazoea kumwita hivyo nyumbani. Damu yake ilisafishwa na mashine katika hospitali moja mjini Kitui, na ile bima yenye jina langu ndiyo iliyomweka hai. Mtu ambaye figo zake zimekufa hana nafasi ya kusubiri. Maji anayokunywa hayana pa kutokea. Akikosa mashine anavimba, na akizidi kuikosa anahema kama mtu aliyebeba gunia akipanda mlima, hata akiwa amelala kitandani.

Kesho yake nilikwenda katika afisi ya usajili wa vizazi na vifo. Afisa wa pale, mwanamke wa makamo mwenye sweta, alichukua kitambulisho changu, akaandika namba. Kisha akageuza kompyuta nami nikaona.

Jina langu lote. Jina la baba. Mahali pa kifo, nyumbani Kikima. Chanzo, malaria. Naibu wa chifu amethibitisha. Aliyetoa taarifa ni ndugu wa marehemu.

Nina ndugu mmoja tu. Sisi wawili ndio tuliotoka tumbo la mama yetu.

"Mama," nilimwambia yule afisa, "niko hapa. Nifutie hii kitu. Mke wangu ni mgonjwa."

"Naona uko hapa. Lakini siwezi kumfufua mtu kwa kubonyeza kitufe. Nikifuta kifo bila amri ya korti, hata mimi nitakuwa nimefanya kosa. Nenda polisi kwanza."

Nikaenda polisi. Na hapo ndipo nilipoanza kuelewa nilivyozama. Afisa wa upelelezi alinisikiliza vizuri mpaka alipoingiza namba yangu katika kompyuta yake. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Kitambulisho hiki umekitoa wapi?"

"Ni changu."

"Hiki ni cha mtu aliyekufa. Kujifanya mtu mwingine ni kosa, unajua?"

Niliingia mle ndani kulalamika, nikawa mshukiwa. Walinichukua alama za vidole, vyote kumi, wakasema zitapelekwa Nairobi zilinganishwe na zile nilizotoa nikichukua kitambulisho nikiwa kijana. Nilikaa katika seli yao mpaka mchungaji wetu alipokuja na wazee wa kanisa kuapa kwamba mimi ni mimi. Nilipotoka niliona laini yangu ya simu imezimwa nayo. Nilitumia simu ya mchungaji kumpigia Mwalimu. Alipokea akihema.

"Wamekufufua?" aliuliza.

"Bado."

"Basi fanya haraka. Mimi naona nakufuata huko."

Alikuwa akitania. Mwalimu alitania mambo yaliyomtisha.

Ndugu yangu hakupokea simu. Nikaamua kwenda nyumbani, Kikima.

Niseme kidogo kuhusu shamba lile. Baba aliliandika kwa majina yetu sote wawili, kwa ile miliki ya pamoja ambayo mmoja akifa, mwingine anabaki nalo lote bila hata kwenda kortini kuomba urithi. Anapeleka cheti cha kifo afisi ya ardhi, jina la marehemu linafutwa, basi. Baba alidhani ameziba mlango wa ugomvi. Ndugu yangu ndiye aliyebaki nyumbani. Alichimba matuta kwenye mteremko ule mkali, akapanda parachichi, akamtunza baba mpaka akazikwa, na sasa alikuwa akimtunza Mwaitu, mama yetu. Nilijua aliona shamba ni lake kwa haki ya jasho. Tulikuwa tumeshabishana juu yake mbele ya wazee, na tangu baba azikwe tulizungumza kama majirani. Lakini kubishana na ndugu ni kitu kimoja. Sikuwahi kuota kwamba angeniua ili amalize ubishi.

Nilimkuta chini ya nyumba, katikati ya matuta, akikata majani ya ng'ombe. Aliponiona hakukimbia. Alisimama na panga mkononi akaniangalia nikiteremka.

"Umenizika," nilimwambia.

Alifuta panga kwa majani. "Ni karatasi tu," akasema. "Hukufa. Si uko hapa? Ningekuja kurekebisha baadaye."

"Baadaye lini?"

"Nikishamaliza na shamba. Kuna mtu wa mji wa Salama anataka kununua ule upande wa barabarani. Hakuna aliyeumia."

"Mwalimu hajasafishwa damu. Bima imefungwa kwa sababu nimekufa."

Hilo hakulijua. Niliona uso wake ukibadilika, na mpaka leo naamini hakulijua. "Mambo ya bima mimi sikufikiria," alisema.

"Twende basi. Twende sasa hivi uwaambie umekosea. Sitakushtaki. Waambie tu kwamba si kweli."

"Nikisema hivyo nitafungwa."

"Mwalimu ataenda, ndugu yangu. Atakufa."

Nilipiga magoti. Mimi mzee wa kanisa, kakake mkubwa, nilipiga magoti kwenye udongo wake na kumshika miguu ya suruali. Alijitoa polepole bila kunisukuma. Aliacha majani pale pale, akapanda juu hadi nyumbani, na nilipofika Mwaitu akaniambia amechukua koti na kuondoka. Mama yangu alikuwa ameketi mlangoni akichambua pojo. Hakujua lolote. Nilipomweleza, ungo ulimtoka mikononi na pojo zikamwagika kwenye vumbi, na hakuna kati yetu aliyeziokota.

"Mwana wangu amesema umekufa?" aliuliza. "Mwana wangu yupi?"

Wiki zilizofuata nilikimbia kama mtu anayekimbiza kitu kinachobebwa na mto. Asubuhi polisi, adhuhuri afisi ya usajili, alasiri hospitalini kumbembeleza daktari. Kila mtu alinionea huruma na kila mtu alikuwa na sababu. Bima ilisema inafuata rekodi za usajili. Usajili ulisema unangoja korti. Korti ilingoja polisi, na polisi walingoja vidole vyangu kutoka Nairobi. Kanisa lilichanga, Mwalimu akasafishwa mara moja, rangi ikamrudi usoni, akaomba nimpeleke chekechea awaone watoto. Wakamwimbia. Kisha ikawa hakuna tena wa kuombwa. Waumini wetu ni wakulima, na mvua ya msimu ule ilikuwa imekataa.

Vidole vilirudi. Vilikuwa vyangu. Afisa wa upelelezi aliniomba msamaha bila kuniangalia machoni, na siku hiyo hiyo akaanza kazi ya kweli. Ndugu yangu alikamatwa Salama, kwenye hoteli moja kando ya barabara kuu, akinywa chai na yule mnunuzi. Pamoja naye alikamatwa karani mmoja kijana wa afisi ya usajili.

Nilikwenda mbio kumwambia Mwalimu. Nilimkuta amekaa kitandani ameegemea ukuta, kwa sababu akilala chali maji yalimpanda kifuani. Macho yalikuwa madogo katikati ya uso uliovimba.

"Wamemshika," nilisema. "Sasa mambo yatakwenda."

"Usimchukie sana," akasema, akatulia avute pumzi. "Utabaki naye peke yake."

Alikata roho mchana mmoja, tukiwa kwenye ukumbi wa hospitali, kwenye kiti cha magurudumu, mbele ya mlango wa chumba cha mashine. Mlango ulikuwa wazi. Niliziona mashine. Moja haikuwa na mtu.

Nilipokwenda kuchukua karatasi za kumtoa mochari, karani alisoma habari zake kutoka faili la hospitali ili nithibitishe. Jina, kweli. Umri, kweli. Kazi, mwalimu. Hali ya ndoa, mjane.

"Hakuwa mjane," nilisema.

"Sistimu imeandika mjane."

"Mimi ndiye mume wake."

Aliniangalia, akaangalia foleni iliyokuwa nyuma yangu, akaniambia kwa upole nitie sahihi kama jamaa wa karibu. Nikatia. Tulimzika Kwa Vonza akiwa mjane wa mtu aliyesimama kando ya kaburi lake ameshika sepetu.

Kesi ilianza baadaye. Kiongozi wa mashtaka alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, mwenye sauti kavu. Kabla sijatoa ushahidi aliniita kwenye chumba chake kidogo, akanieleza kesi ilivyo. Nilimpenda kwa sababu hakunificha kitu.

"Sheria haifungi mtu kwa sababu amefanya jambo baya," alisema. "Inamfunga kwa jambo lililoandikwa, na kila jambo lina vipande vyake. Nikikosa kipande kimoja, anaenda nyumbani. Shtaka la kwanza ni kughushi. Lazima nionyeshe kwamba hati ni ya uongo, kwamba yeye ndiye aliyeitengeneza, na kwamba alikuwa na nia ya kulaghai. Hati ni ya uongo, hilo halina shida, wewe uko hai. Lakini sahihi ya naibu wa chifu iliigwa, na mtaalamu wa maandishi hawezi kusema mkono ni wa nani."

"Basi?"

"Basi kuna shtaka la pili. Kuiwasilisha hati ya uongo. Hapo si lazima awe ameiandika. Inatosha kwamba aliipeleka afisi ya ardhi akijua ni ya uongo. Neno kubwa hapo ni akijua."

"Alijua! Nilimkuta shambani akaniambia kwa mdomo wake."

"Anasema hamkuonana shambani. Ni neno lako na lake. Anasema alipata habari kwamba uligongwa na lori barabara kuu na kuzikwa na wasamaria, kwamba alikuwa na majonzi, kwamba karani ndiye aliyeandika mambo ya malaria ili kurahisisha. Kama aliamini kweli umekufa, hata kama aliamini kijinga, hakulaghai. Mtu anayesema uongo akidhani ni ukweli si mlaghai mbele ya sheria."

Kisha nikauliza jambo lililonileta pale. "Na mke wangu? Yuko kwenye shtaka gani?"

Alivua miwani. "Hayuko."

"Alikufa kwa sababu ya hiyo karatasi."

"Najua. Lakini kifo chake si kipande cha kosa lolote nililoandika hapa. Ndugu yako hakukusudia, na hakujua. Siku ya adhabu utaruhusiwa kuzungumza. Hakimu atakusikiliza."

Nilitoka nje nikasimama kwenye jua. Nilikuwa nimebeba kifo kile nikidhani ndicho kitu kizito kuliko vyote katika kesi, na sasa nilikuwa nimeambiwa hakina mahali pa kuwekwa.

Yule karani kijana wa usajili alishtakiwa kwa kuingia bila ruhusa katika mfumo wa kompyuta na kuingiza habari za uongo. Kifo changu kilikuwa kimeingizwa kwa neno la siri la mwenzake aliyekuwa likizoni kujifungua. Mtaalamu kutoka Nairobi alieleza hakimu kwamba kompyuta iliyotumika ilikuwa ya meza ya kijana huyo, saa za kazi. Wakili wa kijana akamuuliza swali moja tu.

"Kompyuta inaweza kukuambia ni vidole vya nani vilivyobonyeza?"

"Hapana. Inajua jina lililoingia. Haimjui mtu."

Ikabainika kwamba lile neno la siri lilikuwa limeandikwa na kubandikwa ukutani, na afisi nzima ililitumia mtandao ukisumbua. Hakimu alimwachilia. Sikuwa na hasira naye, sijui kwa nini. Alipokuwa akitoka alipita karibu nami, akasimama. Alikuwa na chunusi, kijana wa kuweza kuwa mwanangu. "Pole kwa mkeo, mzee," alisema. Kisha akapanda bodaboda, akaenda.

Akabaki ndugu yangu peke yake kizimbani. Nilipotoa ushahidi, wakili wake alikuwa na adabu.

"Mzee, uko hai leo, tunamshukuru Mungu. Unaweza kumwambia hakimu ndugu yako alikuwa akiamini nini moyoni siku alipokwenda afisi ya ardhi?"

"Tulizungumza kwa simu siku hizo hizo. Alinisikia."

"Rekodi zinaonyesha simu ya mama yenu ilipigia yako. Mama yenu ni mtu wa kukupigia. Nani anajua nani alizungumza?"

"Mimi najua."

"Wewe ni mlalamishi. Nani mwingine?"

Nilijua jibu, na kiongozi wa mashtaka alilijua pia. Alikuwa ameniuliza mapema kama aende kuchukua ushahidi wa Mwaitu, nami nikakataa. Sasa aligeuka kuniangalia, na mimi nikaangalia sakafu. Aliomba kesi iahirishwe ili amwite shahidi mmoja zaidi.

Mwaitu aliletwa kutoka Kikima amevaa nguo yake ya kanisa na kitambaa cheupe kichwani. Alipewa kiti. Mkalimani alisimama kando yake, maana Kiswahili chake ni cha sokoni tu. Aliapa kwa Biblia, akaibusu. Kisha, kabla hajaulizwa kitu, alimwelekea hakimu akasema kwa Kikamba, na mkalimani akatafsiri.

"Anauliza kama anaweza kukataa. Anasema hawa wote wawili amewanyonyesha."

Hakimu aliweka kalamu chini. Alisema sheria inamruhusu mke asishuhudie dhidi ya mumewe, lakini haikumtaja mama. Alisema anasikitika. Mkalimani alitafsiri polepole. Mwaitu alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa bei ya mwisho sokoni, na akakunja mikono.

"Mama," kiongozi wa mashtaka alianza, "unakumbuka siku yoyote ulipompigia mwanao mkubwa na huyu mdogo akiwa karibu?"

"Macho yangu hayaoni hizo namba. Yeye ndiye hunipigia. Huyu."

"Siku hiyo ilikuwaje?"

Ndugu yangu alikuwa ameinamisha kichwa, amezishika zile nguzo za kizimba kwa mikono yake miwili, mikono ya matuta.

"Nilizungumza na mkubwa kwanza," Mwaitu alisema. "Nilimuuliza hali ya mke wake. Kisha nikampa simu huyu. Wakasalimiana. Mkubwa alimwambia habari za mbuzi aliyeingia kanisani wakati wa maombi akala maua ya madhabahu. Huyu akacheka."

Nilikumbuka. Ilikuwa kweli. Yule mbuzi, mchungaji akimkimbiza na Biblia mkononi. Nilikuwa nimefurahi siku ile kumsikia ndugu yangu akicheka.

"Na baada ya simu?"

"Aliirudisha. Alikuwa amevaa koti. Akaniambia anakwenda mjini afisi ya ardhi kuuliza habari za mipaka. Akatoka."

Wakili wa ndugu yangu alisimama. Alizungumza naye kwa upole, kama mjukuu.

"Mama, umekula chumvi nyingi. Mtu wa umri wako husahau. Pengine simu hiyo ilikuwa siku nyingine? Pengine mwezi mwingine kabisa?"

"Nimesahau mengi," Mwaitu alijibu. "Hata majina ya watu wa kanisani nayasahau. Lakini wanangu hawakuwa wamecheka pamoja tangu baba yao azikwe. Siku hiyo walicheka. Nilikaa pale mlangoni nikamshukuru Mungu, na nilimwona akiondoka na koti nikiwa bado nashukuru. Nitasahauje?"

Wakili aliketi. Ndugu yangu aliinua kichwa kwa mara ya kwanza, akamwangalia mama, na machozi yalikuwa yakimtiririka naye hakuyafuta. Alisema kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, lakini sote tulisikia, "Mwaitu, ni sawa."

Mkalimani hakujua kama atafsiri. Hakimu akamwambia aache.

Ndugu yangu hakupatikana na hatia ya kughushi. Mkono ulioiga ile sahihi haukujulikana na haujulikani mpaka leo. Kwa kuwasilisha hati ya uongo na kutoa taarifa ya uongo kwa usajili, alipatikana na hatia. Hakimu alisema kicheko kile kilitosha kuonyesha kwamba mshtakiwa alijua ndugu yake yu hai, na kwamba safari ya afisi ya ardhi ilionyesha nia.

Siku ya adhabu niliitwa nizungumze juu ya Mwalimu. Nilikuwa nimejitayarisha tangu siku ya mazishi. Nilisimama, nikasema jina lake lote, nikasema alikuwa akifundisha watoto kuhesabu kwa mahindi. Kisha nikageuka. Nilimwona Mwaitu kwenye benchi, amefunika uso kwa kile kitambaa cheupe, na nikajua kila neno nitakaloongeza juu ya mke wangu litakuwa mwezi mwingine wa mwanawe gerezani. Nikasema, "Ni hayo tu, mheshimiwa." Nikaketi. Sijui kama nilimsaliti Mwalimu. Najiuliza kila siku na sijapata jibu.

Ndugu yangu alifungwa. Korti ikaamuru cheti changu kifutwe, na mwishowe nikapigiwa simu kwamba niko hai kwenye mitambo yote. Bima ilifunguliwa. Nilipoenda kuthibitisha, kijana aliyenihudumia aliuliza kama nina mtegemezi wa kuandikisha. Nilimwambia sina.

Shamba la Kikima lilirudi kwenye majina yetu sote wawili. Nimejaribu kulilima. Nakwenda Jumamosi, natengeneza matuta yaliyobomoka, lakini mkono wangu umezoea chuma, na maji ya mvua yanapita nilipodhani nimeyaziba. Mwaitu anakaa pale peke yake. Nilimwomba aje tuishi Kwa Vonza, nyumba ni tupu, akakataa. Alisema mtu akitoka gerezani anahitaji kukuta moshi ukitoka nyumbani kwao.

Kila anapoweza anakwenda kumwona gerezani. Mimi ndiye nampeleka, kwa sababu hakuna mwingine. Anaingia, mimi nabaki nje ya lango, chini ya ukuta, pamoja na wake za wafungwa na watoto wao. Sijaingia. Wakili wa ndugu yangu amekata rufaa na amenitumia ujumbe akiomba niandike kwamba nimesamehe. Sijaandika, na sijakataa.

Mwezi uliopita Mwaitu alitoka akiwa amechoka kuliko kawaida. Nilimshika mkono tukatembea polepole hadi barabarani. Tukasimama kungoja gari.

"Amekonda," alisema. "Anauliza kama yale maparachichi ya chini yamezaa."

"Yamezaa."

"Sikujua la kumwambia, siku hizi siteremki tena kule. Nilimwambia nitakuuliza."

Gari lilikuja. Nilimsaidia kupanda, nikapanda nyuma yake, na tulisafiri njia yote bega lake limeegemea langu, akiwa macho.